Atomu Iliyopimwa Mara Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Spini

Kisa chenyewe ni hiki. Atomu za fedha zinatoka kwenye tanuri, zinapita katika chombo kilichoondolewa hewa, na zinaingia kati ya ncha mbili za sumaku iliyosimamishwa wima. Zikitoka upande wa pili zimekwisha kugawanyika mikondo miwili, mmoja umepinda kuelekea juu na mwingine kuelekea chini, na katikati ya mikondo hiyo hakuna kitu. Mkondo wa chini unazibwa kwa kibamba. Mkondo wa juu unaachwa uendelee hadi kwenye sumaku ya pili, iliyo sawa na ya kwanza kwa kila kitu ila imelazwa ubavu, kiasi kwamba inazigawa atomu kulia na kushoto. Hapo nusu ya atomu huenda kulia na nusu kushoto, na za kushoto nazo zinazibwa. Zilizobaki, ambazo zote zilikwisha kuthibitika kuwa za juu na baadaye zikathibitika kuwa za kulia, zinaingia kwenye sumaku ya tatu iliyosimama wima kama ile ya kwanza. Swali ni moja tu: zitapinda upande gani?

Mtu anayefikiri kwa mazoea ya vitu vya kila siku atajibu bila kusita kwamba zote zitapinda juu, kwa sababu hakuna hata moja ya chini iliyoruhusiwa kupita. Ukichambua maharage ukatenga mekundu, kisha katika mekundu hayo ukatenga makubwa, hutarajii kurudi kwenye rangi ukakuta nusu yake yamegeuka meupe. Lakini kwa atomu za fedha, hicho kisichotarajiwa ndicho kinachotokea. Nusu hupinda juu na nusu hupinda chini, na uteuzi uliofanywa na sumaku ya kwanza hauachi dalili yoyote katika matokeo ya mwisho.

Wala si kwamba sumaku ya kwanza ilifanya kazi yake vibaya. Ukiiondoa ile ya pili na kuziacha zile mbili za wima zifuatane, atomu zote zilizotoka juu kwenye ya kwanza hutoka juu kwenye inayofuata, na ukiongeza nyingine za wima kadiri upendavyo jibu halibadiliki. Kipimo kikirudiwa katika mwelekeo uleule kinatoa jibu lilelile. Basi chochote kilichotokea, kilitokea pale kwenye sumaku iliyolazwa, na maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba sumaku hiyo iliivuruga atomu. Naona maelezo hayo yana nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye uzito. Sumaku peke yake haifuti kitu. Nitajaribu kuonyesha kwamba kinachofuta ni kule kupatikana kwa tofauti kati ya njia ya kulia na njia ya kushoto, na kwamba jambo hili linaweza kupimwa, si suala la mtazamo.

Kilichopimwa Frankfurt

Otto Stern alilipendekeza jaribio la sumaku moja mwaka 1921, na Walther Gerlach akalitekeleza katika Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, akapata mgawanyiko ulio wazi usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 1922. Sumaku yao ilikusudiwa isiwe na nguvu sawa kila mahali: ncha moja ilichongwa ikawa na ukingo mkali na ya pili ilikuwa na mfuo, ili uga sumaku uwe mkali zaidi karibu na ukingo. Tofauti hiyo ya ukali ndiyo inayoisukuma atomu, kwa kuwa uga ulio sawa kila mahali ungeuzungusha tu usumaku wa atomu bila kuihamisha kutoka kwenye njia yake. Umbali kati ya mistari miwili ya fedha iliyoachwa kwenye kibao cha kioo ulikuwa takriban milimita 0.2.

Fedha inafaa kwa kazi hii kwa sababu atomu yake ina elektroni 47, na 46 kati ya hizo zimepangika kiasi kwamba usumaku wake unafutana, ikabaki elektroni moja ya nje. Atomu nzima haina chaji, hivyo haipeperushwi na uga kama ambavyo elektroni huru ingepeperushwa, lakini inabeba usumaku wa elektroni ile moja. Iwapo usumaku huo ungekuwa mshale mdogo unaoweza kuelekea popote, kibao kingeonyesha ukungu mmoja ulioenea kutoka juu hadi chini. Kilionyesha mistari miwili tu.

Ni vyema ikumbukwe kwamba Stern na Gerlach hawakuwa wakijua kwamba wanapima spini, yaani hulka ya asili ya elektroni inayoipa usumaku wake yenyewe, mbali na kuzunguka kwake katika obiti. Walidhani wanapima mzunguko wa elektroni katika obiti yake kama nadharia ya wakati huo ilivyoeleza. Wazo la spini lilitolewa na George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit mwaka 1925, na mwaka 1927 Phipps na Taylor walipata mgawanyiko huohuo wa mistari miwili kwa hidrojeni, ambayo katika hali yake ya chini kabisa ya nishati haina usumaku wowote wa obiti. Hapo ikawa wazi kwamba mistari miwili ni kazi ya elektroni yenyewe.

Kabla ya hapo, katika mwaka uleule wa 1922, Albert Einstein na Paul Ehrenfest waliuliza swali ambalo bado ni ufunguo wa kisa chetu: atomu zinazotoka kwenye tanuri zikiwa zimeelekea kila upande hupataje kujipanga juu au chini katika muda mfupi zinapopita kwenye sumaku? Walipiga hesabu wakaona kwamba hakuna mchakato uliojulikana ambao ungeweza kuzigeuza kwa haraka hivyo. Swali lao lilikuwa zuri sana. Tatizo lilikuwa katika dhana iliyojificha ndani yake, kwamba sumaku huikuta atomu ikiwa na mshale ulioelekea mahali fulani, kisha huushika na kuugeuza.

Kuhusu sumaku zinazofuatana, jaribio halisi la mapema lilifanyika Hamburg, katika maabara ya Stern. Otto Frisch na Emilio Segrè walichapisha mwaka 1933 matokeo ya mkondo wa atomu za potasiamu uliogawanywa na sumaku ya kwanza, ukapitishwa mahali ambapo mwelekeo wa uga ulibadilika kwa ghafla, ukachujwa ili ubaki upande mmoja tu, kisha ukachunguzwa na sumaku nyingine. Walikuta sehemu ya atomu zimegeuza spini. Lengo lao halikuwa kisa cha vitabuni cha juu, kulia, juu. Walitaka kujua spini hufanya nini uga unapogeuka kwa kasi, jambo ambalo Ettore Majorana alikuwa amelifanyia hesabu mwaka 1932. Mwaka huohuo wa 1933 Stern alilazimika kuondoka Ujerumani baada ya Wanazi kushika madaraka, na maabara ile ikasambaratika. Kisa cha sumaku tatu kama nilivyokieleza mwanzoni kimenyooshwa ili kieleweke, lakini kanuni inayokiongoza imethibitishwa kwa nyutroni, kwa ayoni na kwa atomu zilizopoozwa.

Kanuni ya pembe

Sumaku ya pili ililazwa nyuzi 90 kutoka kwa ya kwanza, na hapo jibu likawa nusu kwa nusu. Kanuni ya jumla ni kwamba, atomu iliyotoka juu kwenye sumaku moja ikiingia kwenye nyingine iliyoinamishwa kwa pembe fulani, uwezekano wa kutoka juu tena ni mraba wa kosaini ya nusu ya pembe hiyo. Sumaku ya pili ikiinamishwa nyuzi 60, uwezekano ni asilimia 75. Kwa nyuzi 90 ni 50. Kwa nyuzi 120 ni 25. Na ikipinduliwa kabisa, nyuzi 180, ni sifuri. Nusu ile ya pembe ina maana kubwa, kwani ndiyo inayofanya juu na chini, ambazo kwa macho ziko nyuzi 180, ziwe hali mbili zisizochangia chochote kati yao.

Ili kuona kanuni hii inakotoka, inabidi tuache kuisema hali ya atomu kama orodha ya sifa na kuisema kama jumla. Hali ya juu inaandikwa kuwa ni hali ya kulia ikijumlishwa na hali ya kushoto, jumla hiyo ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Hali ya chini inaandikwa kwa hali zilezile mbili, ila ya kushoto inatolewa badala ya kujumlishwa. Vivyo hivyo kulia ni juu kujumlisha chini, na kushoto ni juu kutoa chini. Namba zinazosimama mbele ya kila hali huitwa amplitudo, na mraba wa amplitudo ndio uwezekano: moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, ukiipiga mraba, ni nusu.

Kwa lugha hii kisa kinasomeka kwa urahisi. Atomu iliyotoka juu ni jumla ya kulia na kushoto. Kibamba kinaondoa kushoto, inabaki kulia. Lakini kulia yenyewe ni jumla ya juu na chini kwa sehemu sawa, kwa hiyo sumaku ya tatu inatoa nusu kwa nusu. Hakuna hali yoyote katika hesabu hii iliyo ya juu na ya kulia kwa pamoja, na anayeitafuta hataipata, kwa kuwa jumla zenye amplitudo za aina hii hazina nafasi ya kuiandika. Maneno niliyotumia katika aya ya kwanza, kwamba atomu zilithibitika kuwa za juu na kisha zikathibitika kuwa za kulia, ni sahihi yakichukuliwa kama historia ya vipimo, na si sahihi yakichukuliwa kama maelezo ya atomu ilivyo sasa.

Kibamba kikiondolewa

Hadi hapa mtetezi wa maelezo ya kuvurugwa anaweza kukubali yote na bado kusema kwamba hesabu ni njia tu ya kueleza jinsi sumaku iliyolazwa inavyoisukasuka atomu hadi inasahau ilikuwa ya juu. Jibu lake linapatikana kwa kubadilisha kitu kimoja katika kisa.

Tuiache sumaku ya pili palepale, lakini tusizibe upande wowote. Baada yake tuweke sumaku nyingine zilizogeuzwa, zinazoirudisha mikondo miwili ya kulia na kushoto hadi ikutane na kuwa mkondo mmoja, kwa usahihi wa kutosha na bila kitu chochote njiani kuchukua alama ya njia iliyofuatwa. Ndipo mkondo huo uingie kwenye sumaku ya tatu. Zamu hii kila atomu imepitia uga uleule na kusukumwa kwa nguvu ileile kama awali, tena imesukumwa mara nyingi zaidi. Iwapo msukosuko wa sumaku ndio unaofuta, matokeo yalipaswa kuwa nusu kwa nusu kama kwanza. Nadharia inasema atomu zote hutoka juu.

Tuzihesabu. Tuchukue atomu 1,000 zinazotoka juu kwenye sumaku ya kwanza. Kushoto kukizibwa, 500 zinapita kulia, na sumaku ya tatu inatoa 250 juu na 250 chini. Kulia kukizibwa badala yake, zinapita 500 za kushoto, nazo zinatoa 250 juu na 250 chini. Njia zote mbili zikiachwa wazi na kuunganishwa, mtu angetarajia kujumlisha: 500 juu, 500 chini. Zinatoka 1,000 juu na hakuna hata moja chini. Kufungua njia ya pili kumezipunguza atomu za chini kutoka 250 hadi sifuri. Sababu iko kwenye zile alama za kujumlisha na kutoa: kulia kunachangia chini kwa alama ya kujumlisha, kushoto kunachangia chini kwa alama ya kutoa, na michango hiyo miwili inafutana kabisa huku ile ya juu ikiongezeana.

Sasa tuongeze jambo moja. Njia zote mbili ziko wazi, hakuna kibamba, lakini kila atomu inayopita kushoto inaacha alama yake mahali fulani, kwa mfano kwa kuigonga fotoni (chembe ya mwanga) inayotoroka na habari hiyo. Si lazima mtu aisome. Mikondo ikiunganishwa tena, atomu 500 zinatoka chini. Hapa ndipo naona kisa kinapofunguka: alama iliyobaki duniani ya njia iliyofuatwa inatosha kuyafanya yale yaliyokuwa jumla ya amplitudo yawe jumla ya uwezekano. Kibamba nacho ni aina mojawapo tu ya alama hiyo, kwa kuwa atomu iliyokwama juu yake inasema ilipita wapi.

Haya si ya karatasini tu. Mwaka 1983 Johann Summhammer na wenzake, akiwemo Helmut Rauch na Anton Zeilinger, walichapisha jaribio lililofanywa kwa nyutroni katika Taasisi ya Laue-Langevin huko Grenoble, Ufaransa. Nyutroni zilizoelekezwa juu ziligawanywa njia mbili ndani ya fuwele moja ya silikoni; katika njia moja spini iligeuzwa ikawa ya chini, kisha njia zikaunganishwa. Iwapo kilichotoka kingekuwa mchanganyiko wa nyutroni za juu na nyutroni za chini, kusingekuwa na mwelekeo wowote uliopendelewa. Walikuta spini imelala, imeelekea upande mahususi katika mlalo, na upande huo ukazunguka kadiri walivyobadilisha awamu kati ya njia mbili, yaani kiasi ambacho wimbi la njia moja limetangulia lile la nyingine. Juu kujumlisha chini kulikuwa kweli hali ya ubavuni, kama Eugene Wigner alivyokuwa amebashiri mwaka 1963.

Kuifanya kazi hiyo kwa sumaku zenyewe na kwa atomu kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1988 Berthold-Georg Englert, Julian Schwinger na Marlan Scully walionyesha kwa hesabu jinsi usahihi unaohitajika kuirudisha mikondo ulivyo mkubwa kupita kiasi, kwa sababu tofauti ndogo ya mahali au ya mwendo kati ya mikondo miwili ni alama tosha ya njia. Kundi la Ron Folman katika Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, lilitangaza mwaka 2021 kwamba limeukamilisha mzunguko mzima, kugawa, kusimamisha, kurudisha na kuunganisha, kwa atomu za rubidi zilizopoozwa na nyuga za sumaku zinazotolewa na nyaya ndogo kwenye kipande cha chipu.

Je, majibu yalikuwa yamefichwa?

Kuna pingamizi moja linalostahili heshima. Huenda kila atomu hubeba ndani yake jibu la wima na jibu la mlalo kwa pamoja, ila kwa namna ambayo kipimo kimoja hubadilisha jibu la kingine. Lazima isemwe wazi kwamba kisa cha sumaku tatu, kikichukuliwa peke yake, hakilipingi wazo hili. Mwanafizikia John Bell, ambaye hoja yake dhidi ya wazo hili inafuata hapa chini, mwenyewe aliandika mfano wa aina hiyo kwa chembe moja ya spini, na mfano huo unatoa matokeo yote ya kipimo kwa usahihi. Wanaosema kwamba sumaku tatu zinathibitisha kutokuwepo kwa majibu ya awali wanakipa kisa uzito kisichoweza kuubeba.

Wazo hilo linakwama chembe zinapokuwa mbili. Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba iwapo chembe mbili zilizotengana zina majibu yao tangu mwanzo, na kipimo cha huku hakiigusi chembe ya kule, basi ulinganifu wa majibu yao hauwezi kuvuka kikomo fulani. Mwaka 2015 watafiti wa Delft, Uholanzi, walizipima spini za elektroni mbili zilizokuwa ndani ya almasi umbali wa kilomita 1.3, na pale ambapo kikomo ni 2 walipata takriban 2.42. Anayetaka kuendelea kuamini kwamba kuna kitu kilichofichwa hana budi kukubali jambo jingine zito, kama ilivyo katika nadharia ya David Bohm ya mwaka 1952, ambamo chembe ina mahali pake wakati wote lakini mwendo wake unaathiriwa papo hapo na ya mbali, na spini haihesabiwi kuwa mali ya chembe peke yake bali ya chembe pamoja na chombo kinachoipima.

Sumaku nyingi badala ya tatu

Kilichobaki ni upande wa kisa ambao hautajwi sana, nao ni kwamba kipimo kinaweza kuiongoza chembe. Tuseme tunazo atomu za juu na tunataka kuziona zikitoka chini. Sumaku moja iliyopinduliwa nyuzi 180, yenye kibamba kinachoacha wazi upande wake wa juu tu, haipitishi hata moja. Tukiweka ya kati kwa nyuzi 90, robo zinafika, na hilo peke yake linashangaza, kwa kuwa tumeongeza kizuizi tukapata atomu nyingi zaidi. Tukigawa safari hiyo katika hatua 3 za nyuzi 60, zinafika asilimia 42. Hatua 10 za nyuzi 18 zinafikisha asilimia 78, na hatua 100 asilimia 97.6. Kila kipimo kinapoteza kidogo sana, kwa sababu kosaini ya pembe ndogo iko karibu mno na 1, na atomu inasogezwa hatua kwa hatua hadi imegeuka kabisa bila kuguswa na kitu kingine zaidi ya maswali yanayofuatana.

Mwelekeo wa vipimo ukiachwa palepale, hesabu hiyohiyo inaishikilia chembe isigeuke. Mwaka 1990 Wayne Itano, Daniel Heinzen, John Bollinger na David Wineland, huko Boulder, Marekani, walichukua maelfu ya ayoni za berili na kuzipa mawimbi ya redio ambayo katika milisekunde 256 yangezihamisha zote kutoka hali moja ya spini kwenda nyingine. Ndani ya muda huo walizipima kwa mwanga wa leza, wakaongeza idadi ya vipimo hadi 64. Kwa vipimo viwili hesabu inasema nusu tu huhama; kwa vipimo 64 huhama chini ya asilimia 4, na ayoni zilifanya hivyo.